Akteri akifa, mwacheni apumzike

Julai 2024, katika ukumbi mmoja mjini San Diego, mtu aliyevaa joho la kijani alivua barakoa ya chuma na ukumbi mzima ukalipuka kwa kelele. Alikuwa Robert Downey Jr., yule yule aliyemcheza Tony Stark, yaani Iron Man, kwa miaka kumi na moja mpaka tukamzika, sasa akirudi kama adui, Doctor Doom. Machi 2025 studio ya Marvel ikarusha mtandaoni, kwa zaidi ya saa tano, picha za viti. Viti tu, vyenye majina ya waigizaji mgongoni, kimoja baada ya kingine. Nakiri nilitazama kama nusu saa hivi kabla mega zangu hazijaisha. Filamu yenyewe, Avengers: Doomsday, imepangwa kutoka Desemba 2026, na hapa Lubumbashi, kuanzia mtaa wa Kenya hadi ule wa Bel-Air, vijana wanaopenda sinema wamegawanyika makundi mawili. La kwanza linasema sinema ya mashujaa imekufa, kilichobaki ni matanga. La pili linasema subirini, mzee Downey anarudi, mambo yatakaa sawa. Naona makundi yote mawili yamesoma vibaya ugonjwa mmoja. Watu hawajachoka mashujaa. Wamechoka hadithi zisizoisha, na dawa inayoandaliwa kwa ajili yetu imechemshwa kwa majani yale yale yaliyotuumiza tumbo.

Tuanze na hesabu, maana ubishi huu hupenda kuikimbia. Avengers: Endgame ya 2019 iliingiza karibu dola bilioni 2.8. Mwishoni mwa 2021 Spider-Man: No Way Home ikapita bilioni 1.9, dunia ikiwa bado inahangaika na Covid. Kisha ukaja mteremko. The Marvels ya Novemba 2023 iliambulia kama milioni 206, kidogo kuliko filamu nyingine yoyote ya ulimwengu huo wa Marvel. Mwaka 2025 Marvel ilitoa tatu: Captain America: Brave New World ikapata zaidi ya milioni 400, Thunderbolts* kama milioni 380, na The Fantastic Four: First Steps zaidi ya milioni 500. Zijumlishe zote, bado hazifiki pale Deadpool & Wolverine ilipofika peke yake mwaka 2024, juu ya bilioni 1.3. Upande wa DC, washindani wa Marvel, Superman ya James Gunn ilivuka milioni 600 baada ya kutoka Julai 2025, na hapo waandishi wakagombana: wengine wakaiita ufufuo, wengine aibu, kwa kuwa Man of Steel ya 2013 ilipata zaidi. Milioni mia sita, na bado watu wanashika tama! Lakini tusiwacheke sana. Anayetengeneza kwa milioni mia mbili na kutangaza kwa nyingine nyingi ana haki ya kuhesabu vidole vyake baada ya kupeana mikono.

Huku kwetu hesabu hizo zinafika kama matokeo ya mpira wa nchi ya mbali, maana ni wachache sana kati yetu waliotia hata dola moja katika mabilioni hayo. Filamu tunazipata kwenye flash. Kule Kenya kuna kijana mwenye kompyuta moja, betri ya gari chini ya meza na karatasi ya bei iliyofunikwa kwa nailoni. Unampa flash, unataja jina, anakopisha huku anaongea na wateja wengine watatu. Majina ya mafaili anayaandika mwenyewe. Thunderbolts* alinipa ikiwa imeandikwa AVENGERS 5 VF HD. Nilicheka, hadi nilipokumbuka kwamba Marvel wenyewe, siku chache tu baada ya filamu kutoka Mei 2025, walibadilisha mabango na kuiita The New Avengers. Kijana wa Kenya na wakubwa wa Hollywood walikuwa wamefikiri jambo moja: jina linalouzika ni lile watu wanalolijua tayari.

Kutazama kwa namna hii kuna faida ambayo wachambuzi wa Marekani hawana. Wao waliingia kuona Fantastic Four, filamu ya thelathini na saba katika mnyororo, wakiwa na thelathini na sita kichwani. Mtazamaji wa Katuba, mtaa mwingine wa hapa mjini, anaona sehemu ya pili mwezi wa tatu, sehemu ya kwanza mwezi wa nane, na ya tatu haioni kabisa kwa sababu flash imeingia virusi. Anaisikiliza kwa Kifaransa cha sauti za kubandika, mkubwa mmoja akiwatafsiria watoto kwa Kiswahili, na katikati umeme unakatika. Filamu inayomshika mtu huyu mpaka mwisho, filamu inayomfanya amuulize jirani kesho yake ilivyoishia kwa sababu moto ulikatika zikiwa zimebaki dakika kumi, hiyo inasimama kwa miguu yake. Black Panther ilimshika. Joker ya 2019 ilimshika. The Marvels ilimtaka kwanza awe ameona Captain Marvel, kisha mfululizo wa WandaVision, kisha mfululizo wa Ms. Marvel, ndipo ajue wale wanawake watatu ni akina nani na kwa nini wanabadilishana mahali. Hiyo ni kazi ya nyumbani. Na mtu akishalipia mega, hataki kupewa kazi ya nyumbani.

Kwa hiyo hoja ya kwanza ya wanaosema tumeshiba ina ukweli kidogo, na sitaki kuipuuza. Huduma ya Disney+ ilipoanza kurusha mifululizo ya Marvel Januari 2021, wingi ukawa mzigo. Wakubwa wa Disney wamekiri hivyo kwa vitendo: Mei 2024 Bob Iger alisema watashuka hadi mifululizo kama miwili kwa mwaka na filamu zisizozidi tatu. Ila wingi peke yake hauchoshi. Hapa mjini watu wanakula bukari kila siku ya Mungu, na mama akichelewa kuusonga nyumba nzima inanuna. Kinachochosha ni kukaa mezani saa nzima, unaletewa harufu, na kuambiwa chakula chenyewe kiko kwa jirani. Ndivyo filamu hizi zilivyogeuka kati ya 2021 na 2025: kila moja ilikuwa mlango wa nyingine, kila adui alikuwa mtangulizi wa adui mkubwa zaidi, na yule mkubwa zaidi, Kang, baada ya kuandaliwa kwa miaka, akaachwa njiani. Aliyewekeza muda wake kwa Kang hakurudishiwa.

Hoja ya pili ndiyo dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayopigiwa kelele zaidi, hata katika vikundi vyetu vya WhatsApp ambako watu wameikopi kutoka Marekani bila hata kuipangusa vumbi. Inasema filamu hizi zimezamishwa na wanawake na watu weusi waliowekwa mbele kwa nguvu. Anayeisema hutaja The Marvels na kunyamaza. Basi tumtajie nyingine. Black Panther ya 2018 ilipita bilioni 1.3. Captain Marvel ya 2019, mwanamke yule yule, ilipita bilioni 1.1. Wonder Woman ya 2017 ilipita milioni 800. Sasa geuza upande wa pili: The Flash ya 2023, mwanamume mweupe na Batman wawili juu yake, kama milioni 270. Kraven the Hunter ya 2024, mwanamume mwenye misuli kama mizizi ya mvule, hata milioni 70 haikufika. Joker: Folie à Deux ilirudisha mwigizaji yule yule aliyepewa Oscar kwa ile ya kwanza, ikaishia karibu na milioni zile zile za The Marvels. Kama rangi na jinsia ndizo sababu, sababu hizi zina macho ya ajabu: zinaona upande mmoja tu. Na hapa kwetu, pale Captain America alipokuwa Anthony Mackie, sikumsikia mtu wa Ruashi akilalamika kwamba amekuwa mweusi. Nilisikia wakilalamika kwamba hawaelewi nani ni nani.

Nirudi kwenye kuisha kwa hadithi, maana hapo ndipo nimesimama. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulikuwa na sheria mbili zisizoandikwa. Akteri, yaani shujaa wa filamu, hafi, na shefu bandi, mkuu wa maadui, anakufa mwisho. Ukiingia umechelewa, swali lako la kwanza lilikuwa: akteri ni nani? Ukishaonyeshwa, moyo unatulia, hata apigwe risasi ngapi. Sheria hizi watu wa mjini wanazidharau kama utoto, lakini ndani yake mna mkataba mzito: filamu inakuahidi kwamba jambo lililoanzishwa litamalizwa kabla taa hazijawashwa. Endgame ilivunja sheria ya kwanza ili kutimiza mkataba. Akteri alikufa. Tony Stark alilipa, Natasha alilipa, Steve Rogers, Captain America wa kwanza, tukamwacha mzee kwenye benchi kando ya maji. Watu wazima walilia. Nadhani wengi walihesabu machozi yale kama bei ya umaarufu wa wahusika. Mimi nayahesabu kama shukrani ya watu walioheshimiwa. Uliniahidi mwisho, umenipa mwisho.

Wazee wetu wa Baluba walilijua hili kabla ya kamera. Hadithi ya Kalala Ilunga ina kila kitu ambacho Hollywood inalipia waandishi kumi kukitafuta. Kuna mfalme katili, Nkongolo Mwamba, ambaye jina lake limefungamana na upinde wa mvua. Kuna mwindaji mgeni kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, mwenye adabu za ajabu, anayekataa kula mbele ya watu. Kuna mtoto anayezaliwa na mwindaji huyo na dada ya mfalme, anayekua na kumshinda mjomba wake mchezoni, akaonewa wivu. Na kuna tukio ambalo ningelipa tiketi kuliona kwenye skrini kubwa: mfalme anachimba shimo, anasimika mikuki ndani, anatandika mkeka juu, kisha anamwalika mpwa wake aje acheze ngoma. Mpiga ngoma anajua. Hawezi kusema kwa mdomo, atauawa; anasema kwa ngoma. Kalala anacheza, anasikiliza, anagusa mkeka kwa ncha ya mkuki, unazama, anaruka na kukimbia hadi ng'ambo ya Lualaba. Anarudi na jeshi, na Nkongolo anakatwa kichwa. Hakuna msimulizi aliyewahi kuwaambia watoto wasubiri baada ya majina ya waigizaji kupita, kichwa kitafumbua jicho.

Hapa mpinzani wangu mwenye akili atanishika shati. Atasema: lakini mashujaa wa katuni hawakuwahi kuisha. Superman yupo tangu 1938. Na hiyo hadithi yako ya Kalala Ilunga inasimuliwa tena na tena, kila mmoja na namna yake. Ni kweli, na ndiyo hoja nzuri kuliko zote nilizozisikia. Jibu langu ni kwamba kurudia na kutomaliza ni vitu viwili. Msimulizi anairudia hadithi kila mwaka, lakini kila usiku anaimaliza. Kesho akianza tena anaanza tangu mwanzo, na shimo lile ni hatari upya. James Bond alikufa katika No Time to Die mwaka 2021, akafa kweli kwa makombora, na maandishi ya mwisho yakasema James Bond atarudi. Hakuna aliyedanganywa: atakuja mtu mwingine, ataanza upya. Batman wa Christian Bale alimaliza yake 2012, wa Robert Pattinson akaanza yake 2022 bila kumdai mtu kumbukumbu. Kinachotusumbua ni kile cha katikati, ambapo msimulizi hamalizi usiku huu wala haanzi upya kesho, anaendelea tu kuongeza kuni.

Na malimwengu mengi, huo ujanja wa kusema kwamba kila mtu yupo mara elfu katika dunia nyingine elfu, ndiyo njia ya mkato ya kutomaliza. Jumapili moja kwa dada yangu, Katuba, tulikuwa kama watu kumi mbele ya televisheni moja tukitazama Guardians of the Galaxy ya tatu, ile ya 2023. Mtoto wa dada yangu, mwenye miaka tisa, alimwona Gamora akaacha kutafuna. Alimwona akitupwa kutoka juu ya mwamba na Thanos, yule adui wa Infinity War, mwaka uliopita, sebuleni humo humo. “Tonton, uyu si alikufaka?” Nikamweleza: huyu ni mwingine, anatoka wakati mwingine, hamjui hata yule bwana anayemlilia. Akafikiri. “Na ule wa kwanza?” Nikamwambia ule wa kwanza alikufa kabisa. Akarudi kwenye karanga zake, ameridhika. Na filamu ikamheshimu: Gamora huyu mpya hakumpenda yule bwana, hakurudi kwake, akaenda zake kwa watu wake. Kifo cha kwanza kiliachwa kikiwa kifo. James Gunn alifunga hadithi ya kundi lile, na filamu ikapata zaidi ya milioni 800 katika mwaka ule ule ambao The Marvels ilianguka. Studio moja, mwaka mmoja, watazamaji wale wale.

Kwa hiyo simkatazi marehemu kurudi. Katika nyumba zetu marehemu wanarudi kila siku. Wanarudi ndotoni, wanarudi katika jina la mjukuu. Kuna watoto wa miaka mitatu hapa mjini wanaoitwa Tata kwa heshima kwa sababu wamebeba jina la babu. Lakini hakuna anayedhani babu hakufa. Jina limerudi kwa sababu mwenyewe ameondoka. Ryan Coogler, mwongozaji wa Black Panther, alilielewa hili kuliko wote. Chadwick Boseman, aliyemcheza T'Challa, yaani Black Panther mwenyewe, alipofariki Agosti 2020, studio ingeweza kumtafuta mwigizaji mwingine, au kumwokota T'Challa kutoka dunia nyingine, na wapo mashabiki waliodai hivyo. Wakafanya msiba. Wakanda Forever inaanza na jeneza na nguo nyeupe, na filamu nzima ni matanga ya mtu mmoja. Killmonger, adui aliyekufa katika ile ya kwanza, anatokea tena humo, ndiyo, ila anatokea kwa mababu, mahali ambapo marehemu wana ruhusa ya kutokea. Na mtoto anayeletwa mwishoni amebeba jina la baba yake. Nilipoiona mara ya kwanza hapakuwa na haja ya mtu kututafsiria pale mwisho. Filamu hiyo ya maombolezo, bila nyota wake, ilipata zaidi ya milioni 850 mwaka 2022.

Ushahidi unaoniumiza ni Deadpool & Wolverine, na lazima niulete mwenyewe kabla hamjaniletea. Logan ya 2017 ilimuua Wolverine vizuri mno, ikamzika chini ya mawe, msalaba ukalazwa ubavu ukawa herufi X. Miaka saba baadaye Deadpool anafukua kaburi lile katika dakika za mwanzo na kutumia mifupa kama silaha. Kwa hoja yangu, ilipaswa kuanguka. Ilipita bilioni 1.3. Nimelitafakari sana hili, na ninalo nusu jibu tu. Filamu ile inajua kwamba inafanya kufuru. Utani wake wote ni kwamba inafanya kufuru, na mtazamaji anacheka kama mtani wa msibani anayeruhusiwa kumdhihaki marehemu, ambaye kesho yake harudi kufanya hivyo tena. Wolverine anayepatikana humo pia ni mwingine, aliyeshindwa katika dunia yake, na deni lake analilipa kabla ya mwisho. Nusu inayobaki nawaachia wapinzani wangu: watu walimpenda Hugh Jackman, wakalipa kumwona kwa nguo ya njano. Kumbukumbu ni biashara, na inalipa. Swali ni mara ngapi.

Filamu za mapigano zisizo na mashujaa wa kuruka zinanipa jibu la haraka. John Wick: Chapter 4 ya 2023 ilimlaza akteri wake kwenye ngazi, asubuhi, ikatuonyesha kaburi, na ndiyo iliyopata nyingi kuliko zote katika mfululizo ule. Mwaka 2025 wakatoa Ballerina, hadithi ya pembeni iliyorudi nyuma kabla ya kaburi ili Wick apate kupita tena. Ilikuwa na mapigano mazuri, ile ya bunduki za kutema moto hasa. Haikufika milioni 150. Sasa wametangaza sehemu ya tano.

Lakini kuna jambo ambalo mtu wa Katanga analiona kwa macho makali zaidi, na ndilo lililonifanya niandike. Brave New World ilikuwa na hadithi yetu mkononi. Katika Bahari ya Hindi umejitokeza mwili wa kiumbe kikubwa kilichogeuka jiwe, na ndani yake mna chuma kipya, adamantium. Marekani, Japani na wengine wanakimbilia. Rais wa Marekani anataka mkataba wa kugawana kabla ya vita. Msomaji wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa zaidi. Tunaishi katika mji uliopangwa kuzunguka bomba la moshi la kiwanda cha shaba. Mwaka huo huo wa 2025, Juni na kisha Desemba, viongozi walikaa Washington wakitia saini karatasi ambamo amani ya Kongo na madini ya Kongo vilikaa sentensi jirani. Nilikaa mbele ya filamu ile nikingoja swali moja tu: chuma hiki ni cha nani? Halikuja. Kisiwa hakina wenyeji. Hakuna mama anayeuza maharagwe pembeni ya shimo, hakuna mchimbaji wa mkono mwenye gunia begani, hakuna chifu wa kuombwa wala wa kudanganywa. Ni madini yasiyo na mtu, ndoto ya kila kampuni. Kisha rais anageuka jitu jekundu, wanapigana katikati ya miti ya maua mjini Washington, na chuma kinasahaulika kwenye kona kikisubiri filamu nyingine. Tena kile kisiwa chenyewe kilikuwa kimeachwa baharini tangu Eternals ya 2021. Miaka minne mwili wa jitu unaelea na hakuna aliyeuliza!

Linganisha na Black Panther, ambayo kiini chake ni swali lile lile na ililijibu. Chuma ni cha wenye nchi, mwizi alikikimbiza, ndugu wawili wakapigana kwa sababu ya namna ya kukitumia, mmoja akafa akitazama jua likizama, mwingine akafungua mipaka. (Niseme tu pembeni: Stan Lee na Jack Kirby walimleta Black Panther katika katuni mwaka 1966, mwaka ule ule ambao Élisabethville ilianza kuitwa Lubumbashi, miezi michache kabla ya serikali kuichukua kampuni ya madini ya Union Minière. Sidhani walikuwa wanasoma magazeti ya Katanga. Lakini nchi ya Kiafrika yenye chuma kisichopatikana kwingine, ambayo haikuwahi kukabidhi ufunguo, ilikuwa ndoto ya wengi mwaka ule.) Superman ya Gunn nayo inaingia hapa. Boravia yenye jeshi la kisasa inavamia Jarhanpur maskini, na tajiri mmoja, Lex Luthor, anasaidia kwa sababu ameahidiwa nusu ya nchi. Rafiki yangu aliyetoka Goma aliitazama kimya kabisa, na pale watoto waliposimamisha bendera wakiita jina la Superman, alitoka nje kuvuta hewa. Filamu ile ina kelele nyingi na mbwa mmoja asiyefunzwa, lakini vita ilivyoianzisha inaisha ndani yake, na Luthor anatiwa pingu ndani yake. Aliyeikuta kwenye flash bila kuona filamu nyingine yoyote haambiwi arudi dukani.

Kama nimesoma sawasawa, basi hatari ya Doomsday haiko pale wengi wanapoiona. Downey kucheza mtu mwingine si kosa. Kwa desturi zetu huo uso ungeweza kuwa kama jina la babu kwa mjukuu, na kuna filamu nzuri sana iliyojificha katika wazo la watu waliomlilia Stark wakilazimika kupigana na uso wake. Kosa litakuja pale uso huo utakapotumika kufuta kaburi: Doom akigeuka kuwa Stark wa dunia nyingine, atubu, akumbatiwe, tuambiwe hakuna aliyepotea. Kile kionjo cha Desemba 2025 kilichosema Steve Rogers atarudi kinanitia shaka zaidi kuliko barakoa. Yeye hawamrudishi kwa uso wa adui. Wanamrudisha kama yeye mwenyewe, kutoka kwenye benchi lile tulilomwachia. Na Secret Wars imepangwa Desemba 2027, maana yake Doomsday imejengwa tangu mwanzo ili isiishe. Infinity War nayo ilikuwa hivyo, mtaniambia. Lakini Infinity War ilimaliza hadithi ya Thanos: alitaka jambo moja, akalipata, akakaa chini kutazama machweo. Mtu angeweza kuiona peke yake na kulala akiwa na huzuni kamili.

Doomsday itapata fedha nyingi, hilo sibishani nalo. Bilioni moja ni rahisi kwake, mbili zinawezekana. Kitakachonionyesha kama nimekosea ni Secret Wars mwaka mmoja baadaye. Kama watu watarudi kwa wingi ule ule au zaidi, baada ya wafu kuwa wameshatembea mtaani mwaka mzima, nitakubali kwamba mashabiki wenzangu wanataka nyuso zaidi ya miisho, na kwamba mimi ni mzee wa vibanda vya video anayeng'ang'ania mkataba uliokwisha kuchanwa. Kabla ya hapo nina ombi dogo kwa vijana wa hapa wenye kamera na mitandao, wale wanaoniambia wanaandaa filamu ya Kalala Ilunga. Mmoja wao alinionyesha mpango wake mwezi uliopita, kwenye daftari, kwa kalamu tatu za rangi: sehemu saba, na shimo la mikuki liko mwisho wa sehemu ya sita. Nilimuuliza kwa nini sehemu saba. Akasema Marvel wanafanya hivyo. Nilimwomba kalamu nyekundu, nikazungushia shimo lile, na kulivuta kwa mshale hadi sehemu ya kwanza. Bado hajanijibu ujumbe wangu.